Shajara ya mradi: kubadilisha mabomba ya maji machafu katika nyumba ya ghorofa mbili, Goma

Siku ya 1

Kazi imeanza leo. Nyumba iko katikati ya mji wa Goma, kwenye sehemu iliyofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na ilijengwa juu ya jiwe hilo hilo lilipopoa. Chini kuna duka na choo kimoja, ghorofa ya kwanza anakaa mama mwenye nyumba pamoja na wajukuu wake, na ghorofa ya pili imepangishwa. Alinitembeza chumba kwa chumba akanionyesha doa la rangi ya chai kwenye dari la duka, harufu inayotoka bafuni kila alfajiri, na sinki la jikoni linalokoroma kila mara mpangaji wa juu anapovuta maji ya choo.

“Mwanangu, dari hili nimelipaka rangi mara tatu,” alisema, “na mara tatu doa limerudi pale pale.”

“Safari hii, mama, tutaanza na ukuta,” nilimjibu.

Timu yetu ni ya watu wanne: mimi ninayesimamia na kuandika, mzee fundi mwenye uzoefu mrefu kuliko sisi sote, na vijana wawili. Tumefunga maji ya ghorofa ya pili, tumewaomba wapangaji watumie choo cha chini kwa muda, na tumechora kwa penseli njia ya kila bomba kadiri ilivyoweza kukisiwa kutoka nje.

Siku ya 2

Tumepasua ukuta wa bafu la ghorofa ya kwanza kuanzia sakafuni hadi dari, na mambo yote aliyoyalalamikia mama yakawa mbele ya macho yetu.

Kwanza ni maungio. Yule aliyeifanya kazi ya zamani hakutumia viungio vya dukani bali aliuchoma mwisho wa bomba kwenye moto wa makaa hadi ukalainika, akalisukuma bomba jingine ndani yake na kuuacha upoe. Ni desturi iliyoenea sana katika mji wetu, na naandika habari zake kwa kirefu kwa sababu ndiyo chanzo cha doa lile. Plastiki ya PVC ikitanuliwa kwa moto, ukuta wake unakuwa mwembamba upande mmoja na mnene upande mwingine. Mdomo unaopatikana hauna umbo la duara kamili, hauna mfereji wa kushikilia pete ya mpira, na gundi haiwezi kujaza nafasi inayobaki. Isitoshe, PVC inapoungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma macho na koo, na vijana wetu huivuta wakiwa wameinama juu ya jiko. Mzee fundi alilitazama ungio lile kwa muda, akasema kwamba yeye pia aliwahi kufanya hivyo miaka ambayo viungio havikupatikana kwa urahisi, na kwamba leo viungio vipo, hivyo sababu imekwisha. Nilimheshimu sana kwa kulisema hilo mbele ya vijana.

Pili ni mteremko. Bomba la kutoka bafuni kwenda kwenye bomba kuu la wima linashuka vizuri kwa mita mbili za mwanzo, kisha linapanda kidogo kabla ya kuingia. Tulipolikata, sehemu ile ya bondeni ilikuwa imejaa tope la sabuni na nywele zaidi ya nusu.

Tatu, bomba la wima linaishia chini ya dari la ghorofa ya pili, limezibwa kwa kifuniko, na halina pumzi yoyote ya kutokea juu ya paa. Hapo sinki linalokoroma lilipata maelezo yake. Maji mengi yanaposhuka kwa pamoja, huvuta hewa nyuma yake; hewa isipopata njia kutoka juu ya paa, itaitafuta kwenye sifoni za nyumba, yaani zile kona zilizopinda chini ya masinki na vyoo, na kunyonya maji yaliyotuama humo. Maji hayo, ambayo kina chake kinapaswa kuwa sentimita 5 au zaidi, ndiyo mlango pekee unaozuia gesi ya shimo la maji machafu isiingie nyumbani. Yakinyonywa usiku, harufu huingia alfajiri.

Siku ya 3

Tumevunja sakafu ya choo cha chini ili kulifuata bomba hadi linapotoka kwenda kwenye fosi septike, yaani shimo hilo la maji machafu. Nilitarajia kazi ya nusu siku lakini ilichukua siku nzima, kwa kuwa chini ya zege la sentimita 10 hakuna udongo, kuna lava tupu, na lava haichimbwi kwa jembe, huchongwa kwa tindo na nyundo kipande kwa kipande.

Bomba lilikuwa limelazwa moja kwa moja juu ya jiwe. Lava ina ncha kama za vioo. Uzito wa sakafu ulilikandamiza bomba juu ya ncha mojawapo, nalo likapasuka kwa urefu wa kiganja. Hatujui lilipasuka lini. Kilichonisumbua ni kwamba mahali pale hapakuwa na dimbwi, wala unyevu ukutani, wala dalili nyingine yoyote. Jiwe letu limejaa matundu na nyufa, maji huzama humo mara moja na kupotea machoni, na ndiyo maana hata mvua kubwa ya Goma haiachi mito nyuma yake. Kwenye mji wa udongo wa mfinyanzi, bomba bovu hujisema lenyewe kwa kuoza kwa ukuta. Hapa kwetu halijisemi. Maji ya choo yanashuka katika jiwe lile lile linaloteremka hadi Ziwa Kivu, na watu wengi wa mji huu huchota ziwani kwa bidoni, yaani madumu. Mji uliouona ugonjwa wa kipindupindu wa Julai 1994 hauhitaji kuelezwa zaidi.

Kutokana na hayo nimefanya uamuzi ambao nimeuandika kwenye mkataba wetu na mama kwa mkono wangu: hakuna ungio hata moja litakalofunikwa kwa saruji, mchanga au kigae kabla halijajazwa maji na kukaguliwa na watu wawili.

Siku ya 4

Leo ilikuwa siku ya ununuzi. Mzee na mimi tulikwenda kwenye maduka ya mtaa wa Birere na vipimo vyetu mkononi.

Bomba kuu la wima na matawi ya vyoo tumechukua PVC ya kijivu ya milimita 110, yenye ukuta wa milimita 3.2. Nilipima unene kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, bomba baada ya bomba, kwa sababu madukani kuna mengine yenye kipenyo hicho hicho cha nje lakini ukuta wake unakubali kubonyezwa kwa kidole gumba. Hayo yanafaa kwa maji ya mvua, na mtu asiyepima hawezi kuyatofautisha kwa macho. Bomba la unene wetu lina uzito wa takriban kilo moja na nusu kwa mita, hivyo kijana mmoja anaweza kulipandisha ghorofa ya pili begani. Kwa chuma cha kusubu, ambacho ndicho kilichotumika katika majengo ya zamani, kipande cha urefu uo huo kingehitaji watu wawili na kamba.

Matawi ya bafu na sinki ni ya milimita 50, na ya mabeseni ya kunawia ni ya milimita 40. Kwa jikoni niliamua tofauti. PVC huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi, nasi tunajua jinsi sufuria kubwa ya maharagwe inavyomwagwa maji yake ikiwa imetoka motoni. Kwa hiyo kipande cha kutoka kwenye sinki la jikoni hadi bomba la wima kitakuwa cha polipropilini, plastiki ya aina nyingine ambayo huvumilia maji ya karibu nyuzi 95 kwa muda mfupi. Ni lazima ikumbukwe kwamba polipropilini haishikani kwa gundi ya PVC hata kidogo. Huungwa kwa pete ya mpira tu. Kijana mmoja alikuwa tayari ameweka kopo la gundi kando yake, na nilimwomba alirudishe kwenye sanduku.

Jambo lililotuchukulia saa mbili nzima ni vipimo viwili vinavyofanana. Viungio vya utaratibu wa Kifaransa vya milimita 100 na viungio vya milimita 110 hukaa rafu moja, rangi moja, na muuzaji huviita vyote “vya choo”. Bomba la 110 haliingii kwenye kiungio cha 100, na bomba la 100 hucheza ndani ya kiungio cha 110. Nina hakika kwamba maungio mengi ya moto yamezaliwa kutokana na kosa hili la dukani: fundi anafika kazini jioni, anakuta vitu havipatani, duka limefungwa, na jiko lipo. Basi tulijaribu kila kiungio kwenye kila bomba tukiwa bado dukani, na viwili tulivirudisha.

Mzigo ulipelekwa kwa chukudu mbili, yaani baiskeli za mbao za kusukuma, mabomba yakiwa yamefungwa kwa kamba za mpira na midomo yake imezibwa kwa magunia ili mchanga usiingie.

Siku ya 6

Jana kulikuwa na msiba wa jirani na hatukufanya kazi.

Leo tumepanga mteremko. Kanuni tunayoifuata ni kati ya sentimita 1 na 3 kwa kila mita, na kwa mradi huu nimechagua sentimita 2 kwa bomba la 110 na 3 kwa la 50. Choo cha mbali kiko mita 4.6 kutoka bomba la wima, maana yake bomba linashuka sentimita 9.2, sinki la jikoni liko mita 3.2, linashuka sentimita 9.6. Nafasi iliyopo chini ya zege la kila ghorofa, kabla ya dari la mbao, inavitosha vyote. Kama visingetosha, tungelazimika kukisogeza choo. Bomba lenyewe lisingelazwa hata kidogo chini ya kiwango hicho.

Tulitumia mpira mrefu wenye maji ndani yake kuhamisha alama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha tukavuta uzi. Vijana walidhani pimamaji ya mkono ingetosha. Kwa mita 4.6 haitoshi, kwani kosa dogo la mwanzoni hukua kila unapoisogeza.

Vibanio vimefungwa kila sentimita 50 kwa bomba la milimita 50, na kila mita moja kwa bomba la 110. Kazi ya zamani ilikuwa na kibanio kimoja kwa mita mbili na zaidi, na bonde lile la tope lilikuwa katikati kabisa ya vibanio viwili.

Siku ya 7

Tumekata na kusafisha siku nzima. Kila kipande kimekatwa kwa msumeno wa chuma ndani ya kiolezo cha mbao ili mkato uwe wa pembe mraba, kikapitishwa tupa ndani ili kuondoa manyoya ya plastiki ambayo baadaye hunasa nywele na nyuzi, na nje kikachongwa mshazari ili kisiikunje pete ya mpira kinapoingia.

Siku ya 9

Bomba la wima limesimama, kutoka chini hadi ghorofa ya pili, nalo limenyooshwa kwa timazi.

Mahali linapogeuka kutoka wima kuwa la mlalo, chini kabisa, kazi ya zamani ilikuwa na kona moja ya nyuzi 90. Maji yanayoshuka ghorofa mbili hupiga kona hiyo kama ngumi, hurudisha hewa juu, na uchafu mzito husimama hapo. Tumeweka kona mbili za nyuzi 45, na kati yake kipande kilichonyooka cha sentimita 25. Juu yake kidogo, kwenye urefu wa goti, tumeweka kiungio chenye mlango wa kufungulia, ili siku itakapoziba fundi afungue kwa mkono asipasue ukuta. Vilevile matawi yote yanaingia kwenye bomba la wima kwa viungio vya mshazari, vinavyoelekeza maji chini, isipokuwa kimoja tu ambacho nafasi ilitulazimisha kuacha kikiwa karibu na pembe mraba.

Kulikuwa na mjadala kati yangu na mzee kuhusu gundi na pete. Yeye anaamini gundi, kwa kuwa ungio la gundi lililofanywa vizuri huwa kitu kimoja: gundi ya PVC huyeyusha uso wa vipande vyote viwili na kuvichanganya, kwa hiyo hakuna kilichobandikwa hapo, kilichofanyika ni kama kuchomelea. Nami nakubaliana naye kwa matawi mafupi yaliyoshikwa vizuri. Lakini kwa bomba la wima nilishikilia pete ya mpira, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni joto: mita moja ya PVC hurefuka kwa takriban milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo kipande cha mita 3 kikitoka nyuzi 20 hadi 60 kitarefuka milimita 8 na zaidi, na kisipopata nafasi kitajipinda au kitasukuma viungio vya vyoo. Tunalisukuma bomba hadi mwisho, tunatia alama kwa penseli, kisha tunalirudisha nyuma milimita 10. Ya pili ni ardhi yetu. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 mji huu ulitikiswa kwa siku kadhaa mfululizo na nyufa zikapita barabarani na majumbani. Ungio la pete huruhusu kiasi kidogo cha kucheza. Ungio la gundi linalopita kwenye ukuta halina pa kwenda. Mzee alisikiliza, akauliza, “Na panya, mwanangu, hawali mpira?” Pete iko ndani ya mfereji wake na haionekani kwa nje, na baada ya kumwonyesha kwa kipande kilichokatwa katikati alikubali.

Pete tumezipaka maji ya sabuni. Grisi haitumiki, kwa sababu mafuta ya petroli huvimbisha mpira na kuuharibu.

Siku ya 10

Chini ya choo cha duka, mtaro wa lava umechongwa kuwa mpana zaidi, ukawekewa tabaka la mchanga laini uliochekechwa, sentimita 10, ndipo bomba likalazwa. Urefu hadi chemba ya nje ni mita 7 na mteremko ni sentimita 14. Hapa tumetumia bomba la rangi ya machungwa lenye ukuta mgumu zaidi, linalotengenezwa kwa kufukiwa. Mtaro umeachwa wazi.

Siku ya 11

Leo tumejaribu kwa maji, baada ya gundi kukaa zaidi ya saa 24.

Tulijaza ghorofa moja baada ya nyingine. Sikutaka kulijaza bomba lote mara moja, kwa kuwa maji ya urefu wa mita 9 yangekandamiza kizibo cha chini kwa shinikizo la karibu bari 0.9, ilhali bomba hili la maji machafu halikuundwa kubeba shinikizo katika kazi yake ya kila siku. Urefu wa ghorofa moja, yaani bari 0.3, unatosha kabisa kufichua ungio baya. Mita moja ya bomba letu inameza takriban lita 8 na nusu, kwa hiyo ghorofa ya mita 3 inahitaji bidoni moja ya lita 20 na robo ya pili, ukiacha matawi. Hesabu hii ni muhimu, kwa sababu maji yote tuliyabeba kwa mkono kutoka kwenye pipa la uani.

Sakafu ya chini: saa nzima, maji hayakushuka hata kidogo. Ghorofa ya kwanza: baada ya dakika 10 alama ilikuwa imeshuka kwa upana wa kidole. Tulipitisha karatasi kavu kwenye kila ungio, na karatasi ikalowa kwenye kiungio cha mshazari cha choo. Tulipolifungua tulikuta pete imejikunja kwa sehemu ndogo, kwa sababu kipande hicho, peke yake kati ya vyote, hakikuchongwa mshazari. Kijana aliyekikata alisema mwenyewe kabla sijauliza. Tumeweka pete mpya.

Kwa kazi ya kawaida ungio hilo lingefunikwa kigae leo jioni.

Siku ya 12

Jaribio la pili limepita ghorofa zote, mama mwenyewe akiwa shahidi pamoja na mzee. Mtaro wa chini umefunikwa kwa mchanga, kisha zege.

Bomba la pumzi limetoka juu ya paa likiwa na kipenyo kile kile cha 110, bila kupunguzwa, na liko mbali na madirisha. Mabati ya nyumba hii yameliwa na kutu, kama ya nyumba nyingi zinazopata mvua yenye tindikali kutokana na moshi wa volkano. PVC haijali tindikali hiyo. Inachojali ni jua, ambalo huikausha na kuifanya ivunjike, kwa hiyo sehemu yote iliyo nje itapakwa rangi nyeupe.

Siku ya 14

Jaribio la mwisho lilikuwa la matumizi. Tulijaza sifoni zote, tukaweka alama ya maji kwenye beseni la ghorofa ya kwanza, kisha tukavuta vyoo vyote viwili vya juu kwa pamoja, mara tano. Maji ya sifoni yalitikisika lakini hayakushuka chini ya alama, na sinki la jikoni halikukoroma. Mama alisimama mlangoni akisikiliza kwa makini, na mara ya tatu akaomba turudie tena ili wajukuu wasikie.

Bado sauti ya maji yanayoshuka husikika kwenye chumba cha kulala kilicho nyuma ya ukuta, maana plastiki nyepesi hupitisha kelele kuliko chuma. Tutaweka mpira chini ya vibanio na kulifungia bomba hilo ndani ya kuta za biriki.

Nimechora ramani ya mabomba yote, vipimo na mteremko wa kila kipande, na nakala mbili zimebaki kwa mama. Mlango wa kufungulia ulio kwenye urefu wa goti hautawekewa kigae. Fundi wa vigae ameonyeshwa mahali pake na tumeuzungushia rangi nyekundu. Kazi yake inaanza Jumatatu, na dari la duka litapakwa rangi baada ya mwezi mmoja, likiwa kavu.